Mabilioni ya vituo vya data Johor: yanabaki au yanapita?

Swali: Mimi ni Mtanzania, niko mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu kilichopo Skudai, Johor, nchini Malaysia. Kila nikipanda basi kwenda Kulai naona mashamba ya michikichi yamefyekwa na mahali pake yamesimama majengo makubwa yasiyo na madirisha. Magazeti ya hapa hayaishi kutangaza mabilioni ya dola ya vituo vya data. Ndugu zangu nyumbani wananiuliza Malaysia imefanya nini ambacho sisi hatujafanya, nami sina jibu. Je, fedha hizo zinabaki nchini kweli? Na mtu wa kawaida atatofautishaje ukuaji wa kweli na matangazo?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, majengo unayoyaona ni ya kweli, na umeme unaoingia humo ni wa kweli, kinachopotosha ni kipimo. Gazeti huipima tasnia hii kwa dola zilizoahidiwa, ilhali mtu wa fani yako anapaswa kuipima kwa megawati zilizokwisha kuwashwa, kwa bei ya uniti moja ya umeme (kilowati-saa moja), na kwa bei ya lita moja ya maji. Kituo cha data ni kiwanda kinachonunua umeme na maji, kikavitumia kuzalisha hesabu za kompyuta, kisha kikaisafirisha bidhaa yake kwa nyuzi za kioo badala ya meli. Nchi inayokikaribisha haiuzi teknolojia, kwa kuwa sehemu kubwa ya teknolojia hiyo si yake. Inauza umeme, maji, ardhi na utulivu wake. Kwa hiyo fedha zinabaki kwa kadiri vitu hivyo vinne vinavyouzwa kwa bei ya haki. Nitaanzia ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, kwa sababu habari ya Johor haikuanzia Johor.

Kwa miaka mingi Singapore ndiyo iliyokuwa ghala la data la Asia ya Kusini-Mashariki. Mikongo ya baharini hukutana hapo, benki na kampuni kubwa zina ofisi zake hapo, sheria zake zinatabirika, na vituo zaidi ya 70 vilijengwa katika kisiwa ambacho eneo la nchi nzima halifiki kilomita za mraba 750. Lakini takriban asilimia 95 ya umeme wa Singapore hutokana na gesi asilia, ambayo nchi hiyo huinunua kutoka nje, na kufikia mwaka 2020 vituo vya data peke yake vilikuwa vikitumia kiasi cha asilimia 7 ya umeme wote wa nchi. Mwaka 2019 serikali ilisitisha vituo vipya, na zuio hilo likadumu mpaka mapema mwaka 2022. Hata lilipoondolewa, mlango ulifunguliwa kidogo tu: mwaka 2023 waombaji wanne, yaani Equinix, GDS, Microsoft, na ubia wa AirTrunk na ByteDance, waligawiwa takriban megawati 80 kwa jumla yao, na mwaka 2024 mpango mpya wa serikali ukaahidi angalau megawati 300 nyingine. Ili uone udogo wa kiasi hicho, kumbuka kwamba kampuni mbili tu kati ya zilizohamia Johor, AirTrunk kule Iskandar Puteri na Princeton Digital Group kule Sedenak, kila moja ilipanga kituo cha megawati 150.

Mahitaji hayakusimama kwa sababu Singapore ilisimama. Yalivuka barabara ya tuta inayoiunganisha Woodlands na Johor Bahru, barabara ambayo urefu wake ni kilomita moja hivi. Fanya hesabu ya kifizikia utaelewa kwa nini Johor na si mahali pengine: mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Kulai hadi katikati ya Singapore ni kilomita 50 hivi, basi kwenda na kurudi ni kama nusu ya elfu ya sekunde, ukiacha muda unaoliwa na vifaa vya njiani. Benki iliyoko Singapore inaweza kuweka seva zake Kulai na mteja wake asihisi tofauti yoyote. Kisiwa cha Batam cha Indonesia nacho kiko karibu namna hiyo hiyo, na kinashindana kupitia eneo la Nongsa, lakini Batam haijaunganishwa na Singapore kwa barabara, na Johor imeungwa katika gridi ya rasi nzima ya Malaysia, gridi ambayo kwa miaka hiyo ilikuwa na uwezo wa ziada usiotumika.

Hapo ndipo sifa ya Malaysia inapoanza, na ninataka niitoe bila kubana. Nchi ilikuwa imejifunza mapema. Cyberjaya, mji uliotokana na mpango wa kukuza teknolojia uliozinduliwa mwaka 1996 wakati wa uwaziri mkuu wa Mahathir Mohamad, ulikuwa na vituo vya data muda mrefu kabla dunia haijaanza kuzungumzia akili unde (AI). Mwezi Februari 2021 serikali iliwapa Microsoft, Google, Amazon na Telekom Malaysia idhini ya masharti ya kujenga vituo vikubwa na kutoa huduma za wingu, yaani kukodisha kompyuta kupitia intaneti. Baadaye Tenaga Nasional Berhad, shirika ambalo kwa rasi ya Malaysia ni kama TANESCO kwa nyumbani, lilianzisha njia ya haraka kwa wateja wa aina hii, ambayo inapunguza muda wa kuunganishwa na umeme mkubwa kutoka miaka mitatu au zaidi hadi miezi 12 hivi. Kwa mwekezaji ambaye kila mwezi wa kuchelewa unamkosesha mapato, hiyo ilikuwa na thamani kuliko msamaha wowote wa kodi. Ndugu zako wakikuuliza Malaysia imefanya nini, anza na hilo: ilikuwa na umeme tayari, ikaweza kuufikisha kiwanjani kwa tarehe iliyoahidi.

Matokeo yake yalikwenda kasi ambayo hata sisi tunaofuatilia mambo haya hatukuitarajia. Mwaka 2021 jimbo zima la Johor lilikuwa na kama megawati 10 tu za vituo vya data. Kufikia mwaka 2024, ukijumlisha zilizokamilika, zilizokuwa zikijengwa na zilizopangwa, hesabu ilikuwa imepita 1,000. Nakuomba uizingatie sana hiyo kauli ya "ukijumlisha", kwa sababu ndani yake ndimo matangazo na ukweli vinapochanganyika.

Tuyatazame basi matangazo yenyewe. Mei 2024 Microsoft ilitangaza dola bilioni 2.2, na mwezi huo huo Google ikatangaza bilioni 2. Agosti 2024 Amazon ilifungua huduma zake za wingu nchini na kutaja bilioni 6.2. Oktoba 2024 Oracle ilitaja zaidi ya bilioni 6.5. Kabla ya hapo, Desemba 2023, kampuni ya nchini YTL na Nvidia zilitangaza ushirikiano wa dola bilioni 4.3, ambao makao yake ni uwanja wa YTL pale Kulai, uliopangwa kufikia megawati 500. Ukiyajumlisha haya kama magazeti yanavyofanya, unapata zaidi ya bilioni 21, na msomaji anadhani fedha hizo ziko njiani zote pamoja. Lakini ahadi ya Microsoft ilikuwa ya miaka minne, na ilijumuisha pia mafunzo ya ujuzi kwa wananchi. Ahadi ya Amazon inakwenda mpaka mwaka 2038, kwa hiyo kwa wastani haifiki nusu bilioni kwa mwaka. Wala si zote zinazokuja Johor: kituo cha Google kilipangiwa Elmina, jimboni Selangor, na huduma za kwanza za wingu za Microsoft ziliwekwa katika eneo la Kuala Lumpur. Hakuna aliyesema uongo hapa. Kosa liko katika kujumlisha ahadi za miaka 4 na za miaka 14 kana kwamba ni fungu moja.

Sasa nikupe hesabu ambayo kwa maoni yangu kila mwandishi wa habari za uchumi angeifanya kabla ya kuandika kichwa cha habari. Chukua megawati moja ya kompyuta za akili unde. Seva ya Nvidia yenye chipu nane za H100 huvuta mpaka kilowati 10.2. Ndani ya megawati moja zinaenea seva 98, yaani chipu 784. Nikichukua dola 30,000 kwa chipu moja, bei iliyokuwa ikitajwa sana sokoni, chipu peke yake ni zaidi ya dola milioni 23. Jengo lenyewe pamoja na transfoma, jenereta, betri na mitambo ya kupoza hukadiriwa kugharimu milioni 10 hivi kwa megawati. Kwa maneno mengine, katika kila dola tatu zinazotangazwa kwa kituo cha aina hii, mbili hivi ni za chipu zilizosanifiwa Marekani na kutengenezwa Taiwan, ambazo zinatua Malaysia, zinafanya kazi miaka mitano au sita, kisha zinabadilishwa. Zinaandikwa kuwa uwekezaji uliofanyika Malaysia, na kitakwimu ni sahihi, lakini mfanyabiashara wa Kulai hakuigusa fedha hiyo hata kidogo. Vituo vya wingu wa kawaida, vyenye seva za bei nafuu zaidi, vina uwiano mzuri zaidi kwa nchi mwenyeji, nami ningependa watunga sera wa Malaysia waviite kwa majina tofauti badala ya kuviweka vyote katika kapu moja.

Theluthi iliyobaki inagusa nchi kweli. Ujenzi ni kazi kubwa, na kampuni za Malaysia zimeifanya vizuri: Gamuda ilipata kazi ya Elmina, Sunway Construction imejenga Sedenak, na mafundi wa umeme mkubwa, wa mabomba ya maji baridi na wa vyuma wamepata uzoefu ambao sasa wanaweza kuuuza nchi nyingine. Wenye ardhi wamefaidika pia, kwa sababu ekari iliyokuwa na michikichi haiwezi kulinganishwa kwa bei na ekari yenye njia ya umeme wa kilovolti 275 kando yake. Ajira za kudumu, hata hivyo, ni chache. Kituo cha megawati 100 kikishakamilika huendeshwa na mamia ya watu, si maelfu, na ukipita usiku utaona maegesho yake yana magari machache kuliko kiwanda cha kawaida cha nguo. Kwa hiyo nisingemshauri waziri yeyote azitetee taasisi hizi kwa hoja ya ajira.

Fedha inayobaki mwaka baada ya mwaka, jengo likishasahaulika, ni bili ya umeme, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Megawati 100 zikivutwa mfululizo kwa saa 8,760 za mwaka ni uniti milioni 876. Kwa bei ya wastani ya msingi iliyoanza Julai 2025 katika rasi ya Malaysia, ambayo ni takriban sen 45 kwa uniti (sen 100 ni ringgit moja, fedha ya Malaysia), hiyo ni bili ya ringgit milioni 394 kwa mwaka kutoka kwa mteja mmoja. Zaidi ya hapo, badiliko la sen moja tu katika bei ya uniti ni karibu ringgit milioni 8.8 kwa mwaka kwa kila megawati 100. Kufikia mwaka 2025 mikataba ambayo Tenaga ilikuwa imetia saini na vituo vya data ilipita megawati 5,000. Zote zikija kuvutwa kikamilifu, sen moja ni ringgit milioni 438 kila mwaka. Mjadala wa mabilioni mangapi ya nani yametangazwa wiki hii ni mdogo sana ukilinganisha na mjadala wa sen hiyo moja, na bado wa kwanza hupata ukurasa wa mbele na wa pili hubaki ndani ya nyaraka za mamlaka ya nishati.

Nchi imeanza kuliona hilo. Katika bei mpya za Julai 2025 kuliwekwa kundi la pekee kwa wateja wanaochukua umeme kwa volti za juu kabisa, na vituo vikubwa vya data vikaingia humo na kulipa zaidi kuliko awali. Gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme nayo sasa hurekebishwa kila mwezi. Hatua hiyo ina maana kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa rasi hiyo bado hutokana na makaa ya mawe na gesi, na makaa hayo huagizwa kutoka nje, hasa Indonesia na Australia. Humo humo Johor, pwani ya Tanjung Bin, kuna mitambo ya makaa yenye zaidi ya megawati 3,000. Mteja anaposema kituo chake ni cha kijani, mwulize uniti zake za saa nane usiku zinatoka wapi.

Nawe kwa fani yako utaupenda ugumu wa suala hilo. Mzigo wa kituo cha data hauna asubuhi wala jioni; ni mstari ulionyooka usiku na mchana. Jua la Johor, lenye mawingu na mvua nyingi, humpa mwenye paneli wastani wa kama asilimia 16 ya uwezo ulioandikwa. Kwa hiyo ili kufidia kwa mwaka megawati 100 za mfululizo unahitaji kiasi cha megawati 625 za paneli, zilizotandazwa juu ya hekta mia kadhaa, na bado usiku utahitaji betri au mtambo mwingine. Tangu Septemba 2024 Malaysia imeruhusu mzalishaji wa umeme wa jua kumwuzia mteja mkubwa moja kwa moja kwa kulipia matumizi ya gridi ya taifa. Ni mlango mzuri na ninauunga mkono, lakini yeyote anayedai kwamba mlango huo peke yake umelimaliza tatizo hajaichora grafu ya saa 24.

Nikigeukia maji, hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu Johor ina funzo lake yenyewe ambalo halikutoka kwa mshauri wa kigeni. Mwaka 1962 Johor na Singapore zilitia saini mkataba unaoiruhusu Singapore kuchota mpaka galoni milioni 250 kwa siku kutoka Mto Johor, kwa sen 3 kwa kila galoni 1,000, mpaka mwaka 2061. Mkataba uliruhusu bei ipitiwe upya baada ya miaka 25. Mwaka 1987 ulipofika, Malaysia haikuipitia, na tangu hapo Singapore inasema haki hiyo ilikwisha, Malaysia inasema bado ipo. Nisiwe na upande mmoja: Singapore iligharamia mitambo na bwawa la Linggiu, na huiuzia Johor maji yaliyosafishwa kwa sen 50 kwa galoni 1,000, bei ambayo Singapore husema ni chini ya gharama zake. Lakini sen 3 za mwaka 1962 ni sen 3 mpaka leo, na hilo limezitia nchi hizi mbili katika manung'uniko ya miaka mingi.

Vituo vya data vinarudia muamala ule ule kwa umbo jingine. Rasilimali ya Johor inavuka tena mlango wa bahari, safari hii ikiwa imegeuzwa kuwa hesabu za kompyuta. Vituo vingi katika nchi zenye joto hupozwa kwa kuvukiza maji, na wastani unaotajwa sana katika tasnia ni lita 1.8 kwa kila uniti ya umeme wa kompyuta. Megawati 100 zingetumia basi lita milioni 4.3 kwa siku. Megawati 5,000 zote, zikipozwa namna hiyo na kuvutwa kikamilifu, zingefika lita milioni 216 kwa siku, yaani karibu moja ya tano ya haki yote ya Singapore chini ya mkataba wa 1962. Mto ni ule ule. Ndiyo maana nililipokea kwa furaha jambo lililofanywa na serikali ya jimbo mwaka 2024: iliunda kamati ya kuratibu vituo vya data, na kufikia Novemba mwaka huo kamati ilikuwa imekataa karibu asilimia 30 ya maombi. Nchi nyingi zinazotafuta wawekezaji haziwezi kuthubutu kufanya hivyo. Mwelekeo wa sasa wa kutumia majitaka yaliyosafishwa, na mifumo inayozungusha maji bila kuyavukiza, unatokana na ukali huo. Fahamu tu kwamba kupoza bila kuvukiza maji hula umeme zaidi, kwa hiyo unachookoa mtoni unaweza kukilipa kwenye makaa.

Kuhusu siasa za dunia nitasema kwa ufupi. Januari 2025 Marekani ilitangaza kanuni ambayo ingeweka kikomo cha chipu za akili unde kwa nchi nyingi, Malaysia ikiwa mojawapo. Hisa za YTL Power zilianguka vibaya mwezi huo, na Mei kanuni ikafutwa kabla haijaanza kutumika. Tarehe 14 Julai 2025 Malaysia yenyewe iliweka sharti la kibali kwa yeyote anayezisafirisha au kuzipitisha nchini chipu za hali ya juu zenye asili ya Marekani, ikijibu hofu ya Washington kwamba zinapenyezwa kwenda China. Kwa kuwa wanaokodi vituo vya Johor ni kampuni za Marekani na za China zikiwa kando kwa kando, tasnia nzima iko chini ya uamuzi unaofanywa mbali nayo. Hilo halina dawa ya kihandisi.

Kuna pia kosa moja ambalo Malaysia ililifanya ikalisahihisha, na linafaa kusimuliwa nyumbani. Novemba 2020 ilifuta msamaha uliokuwa ukiziruhusu meli za kigeni kutengeneza mikongo ya baharini katika maji yake bila kibali maalumu. Nia ilikuwa kulinda wenye meli wa nchini. Kampuni kubwa za intaneti zililalamika kwamba mkongo ukikatika hauwezi kusubiri karatasi, na mkongo mpya wa Apricot ukapangwa bila kutua Malaysia. Msamaha ulirudishwa Juni 2024.

Ndugu zako wanalinganisha, na ulinganisho wao una haki, lakini wasiishie kwenye juhudi peke yake. Malaysia ilikuwa na jirani tajiri aliyeishiwa umeme na ardhi, umbali wa kilomita moja. Afrika Mashariki haina jirani wa namna hiyo, na hakuna sera inayoweza kumtengeneza. Tulicho nacho ni vyanzo safi zaidi. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza dola bilioni 1 kwa kituo cha data cha Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini, ambao, tofauti na jua, haulali usiku. Mvuke ni chanzo kinachofanana kabisa na mzigo wa kituo cha data. Lakini mahitaji ya juu kabisa ya Kenya nzima yalikuwa megawati 2,300 hivi mapema mwaka 2025, na ya rasi ya Malaysia yalifika kama 20,000 mwaka 2024. Mteja wa megawati 100 kwa Tenaga ni nusu asilimia. Kwa Kenya ni zaidi ya asilimia 4. Tanzania, kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ina uzalishaji wa kutosha kumkaribisha mteja wa aina hiyo, ila ikumbukwe kwamba mteja huyu hununua umeme usiokatika, na hilo ni suala la njia za kusafirisha, vituo vya kupoza umeme na transfoma za akiba kuliko suala la bwawa.

Mwisho, uliuliza mtu atatofautishaje ukuaji na matangazo. Usianze na dola. Anza na megawati zilizoombwa katika mkataba, kisha zilizokamilika kuunganishwa, kisha zinazovutwa kweli leo, na uzione kama ngazi tatu zenye tofauti kubwa kati yake. Katika zile 5,000 na zaidi za mikataba, mzigo uliokuwa ukivutwa kweli mwaka 2025 ulikuwa sehemu ndogo tu, kwa sababu baadhi ya majengo yalikuwa hayajaisha, na yaliyokwisha hujaza seva polepole, chumba baada ya chumba. Wengine huomba umeme mwingi mapema ili kushika foleni. Tenaga huripoti idadi ya mikataba na miradi iliyokamilika katika taarifa zake za kila robo mwaka, na mwendeshaji wa gridi ya rasi huchapisha mahitaji ya umeme ya kila siku. Kwa kuwa bado hujachagua mada ya mradi wako wa mwaka wa mwisho, chukua takwimu hizo za gridi kuanzia mwaka 2021, tenga saa za kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, wakati ofisi zimefungwa na viyoyozi vya majumbani vinapungua, uondoe athari ya joto na ya ukuaji wa kawaida, na uone sakafu ya mzigo imepanda kwa megawati ngapi. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya vituo vya data, na haipatikani katika tangazo lolote. Ukishaipata, niandikie, ningependa kuiona namba hiyo kabla ya namba nyingine yoyote ya Johor.